Udi Ulioingia Injini

Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri nilikuwa nalifukiza gari langu udi. Kwetu Ngamiani hakuna ajabu katika hilo. Nyumba hufukizwa, nguo za Ijumaa hufukizwa, bibi harusi hufukizwa, na sikuona kwa nini gari linalonipeleka Tongoni kuzuru makaburi ya wazazi wangu likose fungu lake. Mwanzoni nilifukiza viti tu. Baadaye nikaongeza na mbele: nawasha injini, nafungua boneti, nashika chetezo karibu na mdomo wa bomba linalovuta hewa. Mara ya kwanza moshi wote uliingia mle bombani, haukupotea hata kidogo. Nikasema alhamdulillahi, gari limekubali.

Sababu ya kuongeza huko ilikuwa jirani yangu, mshona kanzu. Asubuhi moja gari lilikuwa limetoka kuoshwa. Akasimama barazani kwake, akalitazama vizuri, akasema, "Gari lako halizeeki, bwana. Umezeeka wewe, lenyewe lipo vilevile." Kisha akageuka akaingia ndani upesi. Nikangoja. Hakutoka tena kusema mashaallah.

Alhamisi ile nikatia udi mara mbili.

Haukupita muda gari likaanza kuchoka. Nakanyaga mafuta, linaunguruma kama mtu anayeamshwa, haliendi. Nikajua ni lile jicho la husuda. Nikaongeza udi. Likachoka zaidi. Jirani akaniletea kanzu niliyoagiza kwake, imechelewa lakini imeshonwa vizuri mno, nami niliipokea kwa baridi ambayo hata mke wangu aliiona, akaniuliza huyo mtu amenifanya nini.

Kisha ikatokea habari ya baiskeli. Njia ya Tongoni ina mwinuko mmoja ambao sidhani kama mgeni angeuita mwinuko. Nilikuwa katikati yake, mguu umefika chini kabisa, binti yangu mkubwa amekaa kando yangu, na nyuma yetu akaja muuza mikate na baiskeli yake, kreti imejaa. Akatufikia. Akanipa shikamoo kupitia dirishani. Nikamwitikia marahaba, nikamuuliza hali ya nyumbani, akanijibu yote kwa utulivu, halafu akatupita.

Binti yangu ni mwalimu na hasemi jambo mpaka amelipanga. Tulipofika nyumbani akaniambia kwamba gari halina ugonjwa, mguu wangu ndio uliokwisha nguvu, na kwamba kwa umri wangu si aibu. Fundi alitazame, akasema, na asipoona kitu, ufunguo utakaa kwake yeye binti. Nikitaka kwenda Tongoni nitapelekwa Jumapili, yeye akipata nafasi. Mimi huzuru Alhamisi. Wazazi wangu wameizoea Alhamisi, nikamwambia, lakini hilo halikumsaidia mtu.

Fundi wangu yuko Chumbageni, Msambaa, Mlutheri, mtu wa subira. Binti yangu akafuatana nami ili asikie kwa masikio yake. Fundi hakugusa spana. Alichomeka mashine yake ndogo ya kusoma gari chini ya usukani, akaniomba nikae kwenye kiti na kukanyaga mafuta mpaka mwisho. Nikapiga bismillahi nikakanyaga. Akatazama kioo cha mashine, akamgeuzia binti yangu.

"Mwalimu, soma hapa. Mguu wa mzee umefika mia kwa mia."

Niliendelea kukanyaga kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Kilichokuwa kinasema pungufu, fundi akaeleza, ni sensa ya hewa. Imekaa kwenye bomba, ina waya mwembamba kama unywele, na kazi yake ni kuipima hewa inayoingia na kuiarifu injini, ili injini ijipatie mafuta ya kadiri ile. Sasa hewa inaingia nyingi, sensa inatoa habari ya hewa kidogo. Kutuhakikishia, akachomoa waya wa umeme unaoiunganisha sensa na gari, injini ikiwaka. Injini ikashtuka, ikatulia, ikavuta vizuri kuliko ilipokuwa na sensa yake. Mimi nimekaa miaka mingi mbele ya mashehe nikisoma mlango wa ushahidi, na siku ile, kwenye gereji, ndipo nilipouelewa. Shahidi wa uongo ni afadhali asiitwe kabisa.

Fundi akaifungua sensa, akaisogeza puani. Akanusa tena.

"Shehe, sensa hii inanukia harusi."

Nikakiri yote, chetezo, boneti, Alhamisi. Fundi akageuka kando akajifanya anatafuta bisibisi. Baadaye akasema kwamba chujio huzuia vumbi, lakini moshi hupita, na mafuta ya udi yalikuwa yameganda juu ya ule waya. Nikataka kuupangusa kwa ncha ya kanzu, akaukinga haraka: haugusishwi kitambaa wala kidole, hukatika. Aliupulizia dawa yake maalumu mara kadhaa, akauweka kwenye gazeti ukauke. Nikavuta tasbihi nikingoja. Aliporudisha kila kitu na kuwasha, gari liliruka mpaka binti yangu akashika mlango.

Binti yangu aliniachia ufunguo bila kubishana, lazima niseme hivyo. Kisha akafungua buti, akachukua chetezo.

Lililobaki lilikuwa zito kuliko lote. Nilikwenda barazani kwa jirani yangu nikamwomba radhi, na kwa kuwa hakujua kosa, ikanibidi nimsimulie tangu mwanzo. Alisikiliza na sindano mdomoni. Akaitoa.

"Siku ile nilikumbuka pasi," akasema. "Nimeiacha juu ya kanzu. Niliikuta kanzu imetoboka."

Nikampa pole.

"Ilikuwa yako. Nikashona nyingine kimya kimya, nisikutie simanzi."

Kanzu aliyoizungumzia nilikuwa nimeivaa. Nilimwomba Mungu msamaha palepale, kisha nikamwomba yeye tena. Akasema ameshasamehe, ila ana shangazi yake amezikwa Tongoni na ni siku nyingi hajamzuru.

Alhamisi tukaenda pamoja. Kila tulipopita gari jingine alisema mashaallah, na kila mara aliniangalia kuona kama nimesikia. Kwenye ule mwinuko tukamkuta muuza mikate, anapanda taratibu. Ningeweza kumpita kama upepo. Nilipunguza mwendo, nikashusha kioo, nikamngojea anipe shikamoo yangu.