Nje ya Mstari wa Chaki

Kwa miaka arobaini, fundi cherehani mmoja hakuwahi kukata kitambaa juu ya chaki. Alikata nje ya mstari, akiacha upana wa kidole kwa ajili ya mshono. Mkewe alizoea kumtania, "Mzee, unaniachia nafasi ya kunenepa?"

Mke alipoanza kulalamikia ubavu, alipigwa picha ya ndani ya tumbo. Kompyuta ya hospitali ilichora mstari kuzunguka ini, ikatafuta uvimbe ndani ya mstari huo, ikasema ini ni safi. Wakarudi nyumbani mioyo kwatu. Miezi mitano baadaye macho ya mke yakawa ya manjano.

Daktari aliifungua tena ile picha ya kwanza.

"Uvimbe ulikuwa hapa pembeni, baba. Mashine iliona weusi ikadhani si ini, ikapitisha mstari kwa ndani. Kilichobaki nje haikukitazama. Nasi tuliiamini."

Fundi aligusa kioo kwa kidole. "Mmekata ndani ya chaki."

"Ndiyo, baba."

"Na sasa?"

"Sasa ni kumpunguzia maumivu tu."

Nyumbani mkewe aliuliza wamesema nini.

"Wamesema upumzike."

"Hujui kudanganya wewe. Haya, nipunguzie gauni hili, linanivuka."

Akalipunguza. Baada ya wiki mbili akalipunguza tena. Alipolichora chaki mara ya tatu, hakukuwa na wa kulijaribu. Liko kwenye cherehani mpaka leo, sindano imechoma kitambaa, na chaki imeanza kufutika yenyewe.