Jina la Gortnabrone

Attracta Geraghty alikuwa na miaka kumi na tisa shangazi yake aliyeko Boston alipomtumia tiketi ya meli. Ndugu zake wanne walikuwa wameshatangulia Amerika. Wiki moja kabla ya safari, baba yake alianguka akiezeka paa, akavunjika nyonga.

"Subiri apone kwanza," mama yake, Honor, alimwambia.

Baba hakupona, wala hakufa upesi. Alilala kitandani miaka kumi na mmoja.

Siku hizo Gortnabrone, kitongoji chao huko Ayalandi, kilikuwa na nyumba saba, masalia ya arobaini za kabla ya njaa kuu ya karne iliyotangulia. Kila aliyehama alifunga mlango kwa waya, mvua ikaimalizia nyumba. Na kila Attracta alipogusia safari, mama yake alikuwa na jibu moja. Jina la mahali pale kwa Kiayalandi, alisema, maana yake ni Shamba la Huzuni; mzaliwa wake akihama, huzuni humfuata mpaka immalize. Akamtajia mjomba aliyezama baharini, na binamu aliyepotewa na akili huko Liverpool. Attracta alilicheka jambo hilo mbele za watu, lakini lilikuwa limeshamwingia moyoni. Baba alipozikwa, miguu ya mama ikaanza kuvimba. Mkulima mmoja wa Elphin akamposa, akitaka akaishi kwake, maili tisa tu. Attracta akakataa.

Mwaka 1972, nyumba zikiwa zimebaki mbili, alikuja mwalimu mstaafu, Bwana Tansey, kwa baiskeli. Halmashauri ilitaka kusimamisha kibao cha jina la mahali barabarani, naye alikuwa akikusanya majina kabla wazee hawajakwisha. Alimwomba Attracta alitamke jina kama bibi yake alivyolitamka. Akamtaka alirudie mara tatu.

"Nani alikwambia ni huzuni?" aliuliza.

"Mama."

"Ingekuwa huzuni, katikati pangesikika vingine. Hili ni neno linalofanana nalo: jiwe la kusagia, lile la mkono. Shamba la Jiwe la Kusagia, basi."

Alipoondoka, Attracta alimpelekea mama yake chai chumbani. Honor alikuwa na miaka themanini na minane, masikio mazima.

"Mama, mwalimu anasema jina letu ni jiwe la kusagia. Huzuni haimo."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu utotoni. Jiwe lenyewe lilikuwa kwa majirani zetu, akina Cregg, tukilikalia." Honor alifuta makombo kifuani. "Wanne walishakwenda, mwanangu. Nilikuwa nimebakiwa na wewe tu."

"Ulinifunga, Mama."

"Nilikufunga. Nipe chai, inapoa."

Attracta akampa. Akatoka uani akasimama kwenye manyunyu mpaka sweta likalowa, kisha akaenda kukamua, maana ng'ombe walikuwa wameanza kulia.

Alimuuguza mama yake miaka sita mingine. Alimwosha, akamgeuza, akamlisha viazi vilivyopondwa kwa siagi, bila kumsemesha zaidi ya lililo lazima. Majirani wakamsifu kanisani kwa subira yake. Baada ya maziko, dada yake Una aliandika kutoka Chicago: chumba kipo, aje. Attracta aliisoma barua akiwa amesimama, akajibu siku hiyo hiyo. Ana miaka sitini na mitatu, aliandika, na hata barabara ya huko hangejua kuivuka.