Asilimia na Kitambaa cha Mama

Nyumbani kwao walimwita Asilimia, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Umuulize kama maji yamechemka, anakujibu, "Asilimia themanini." Umuulize kama yuko tayari kutoka, "Sitini." Miaka miwili ya kutengeneza programu za simu kwa kompyuta iliyochoka ilikuwa imemfundisha kwamba hakuna jambo linalokuwa tayari kwa mara moja.

Maandishi ya programu aliyaandika kwenye tableti yenye ufa kiooni, maana ile kompyuta ukiifungulia mambo mawili kwa pamoja inaganda. Aliiachia kazi moja tu, ya kuyageuza maandishi kuwa programu ya kuingizwa kwenye simu. Kazi hiyo ilichukua dakika hamsini, na feni yake ilinguruma hadi jirani akauliza kama humo ndani wanasaga unga.

Tableti nayo ilikuwa na ugonjwa wake: kila ikizimika, tarehe yake inarudi nyuma miaka kadhaa. Sasa programu yenyewe ilikuwa ya zahanati, ya kuwakumbusha kina mama siku za chanjo. Akiijaribu, inamwambia kwamba mtoto wa miezi mitatu bado hajazaliwa. Badala ya kujua kwamba mgonjwa ni tableti, Asilimia akaitibu programu. Akaifanya iulize kila inapofunguliwa, "Leo ni tarehe ngapi?" Shangazi yake, muuguzi wa zahanati hiyo, alipoliona hilo swali alishika kiuno.

"Mwanangu, mimi nitaifungua mara arobaini kwa siku. Nijibu mara arobaini? Litoe! Daktari wetu hana subira, na mimi ndiye niliyekusemea."

Akalitoa kwenye maandishi. Siku ya kuionyesha, miadi ikiwa saa tatu asubuhi, aliwasha kompyuta saa moja na nusu, akaanzisha kazi, akaenda kuoga na kunywa chai kwa amani yake. Amani gani! Mama yake ni mfumaji wa vitambaa, na katika nyumba ile hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata mtungi wa maji una chake. Mama alipita na ufagio, akaiona kompyuta iko wazi na vumbi linatimka, akaifunika kwa kitambaa kizito alichokifuma miezi minne.

Asilimia aliporudi alikuta kioo cheusi. Kazi ilikuwa imefika asilimia tisini na sita, kompyuta ikachemka, ikajizima.

"Mama! Umeniua!"

"Nimekuua nini? Nimekukingia vumbi."

"Inapumua kwa pembeni, mama! Umeiziba pua!"

Aliyasema kwa sauti ambayo hakuwahi kumtolea mama yake. Akanyakua tableti yenye programu ya zamani, ile yenye swali, akatoka bila kuaga.

Zahanatini, daktari mkuu aliiingiza programu kwenye simu yake. Ikamuuliza tarehe, akajibu. Akaifunga, akaifungua, ikamuuliza tena.

"Simu yangu inajua tarehe, na mimi naijua," alisema. "Asiyejua ni nani?"

Shangazi akatazama viatu vyake.

"Saa sita naondoka. Ukiniletea isiyouliza kabla sijatoka, nitaiangalia. Ukichelewa, nachukua programu ya wale jamaa waliokuja juzi."

Alirudi nyumbani amekasirikia kila kitu: tableti, kompyuta, daktari, na zaidi ya wote yeye mwenyewe, mtu mzima anayempigia mama yake kelele. Akaikuta kompyuta imeinuliwa juu ya vibao viwili vya kukatia mboga, tumbo halijagusa meza. Mama ameketi kando yake, kitambaa kimekunjwa mapajani, kipande cha boksi mkononi, anaipepea.

"Washa," alisema bila kumtazama.

"Mama, asubuhi nilikukosea. Nisamehe."

"Washa kwanza. Muda unakwenda."

Ilikuwa saa nne na nusu. Mama alipepea kwa mkono wa kulia, ukachoka, akahamia wa kushoto.

"Ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Inakokota miguu hii! Ngapi sasa?"

"Thelathini na mbili, mama."

Ilipofika tisini na sita feni ilikwaruza, kioo kikatulia kabisa. Boksi likaenda mbio. Tisini na saba. Asilimia alijikuta analia, wala hakuona haya.

Alifika kwa daktari saa sita kasoro dakika tano, na daktari alikuwa ameshavaa begi lake begani. Asilimia akaitoa tableti ndani ya kile kitambaa kizito, akamrushia programu mpya. Daktari akaifungua, akaifunga, akaifungua tena. Haikuuliza kitu.

"Tutaanza nayo Jumatatu," alisema. Kisha akakiangalia kitambaa. "Na hicho ni cha nini?"

"Cha mama," alijibu Asilimia, akiifunga tena tableti humo taratibu. "Kinakinga vumbi."