Trekta Tulilonunua kwa Barua

Kosa lilikuwa langu, na naanza na hilo ili mtu asije akanisemea. Mimi ndiye niliyeliona tangazo gazetini, ofisini Mbeya nilikokuwa mpiga taipu, na mimi ndiye niliyemjaza baba yangu maneno. Trekta zima, lilisema tangazo, limelima misimu miwili tu, mwenyewe yuko Iringa. Nilimwandikia yule bwana, nikamuuliza maswali, akajibu kwa mwandiko mzuri wenye mikia. Nikamsomea baba majibu yote. Baba alikuwa Msukuma, amehamia Usangu na ng'ombe wake miaka michache nyuma, na chochote nilichokisoma kwenye karatasi alikiamini.

Na huyu ni mtu ambaye mnadani hanunui ng'ombe mpaka amfungue mdomo amtazame meno, kisha mwenye ng'ombe amtembeze mbele yake, mzunguko mzima. Akichechemea kidogo tu, hakuna biashara. Lakini trekta alilinunua bila kuliona, kwa sababu binti yake msomi amesema. Akauza maksai wake wanne wa plau, tena kabla trekta halijafika. Mama alimwambia, "Baki hata na wawili." Baba akacheka. "Wa nini? Wakae wanalitazama trekta?"

Lilikuja juu ya lori. Ningekuwa na akili siku ile ningeuliza, trekta zima linabebwa ya nini? Lilikuwa jekundu, linameremeta, na injini ilipowashwa kuku walikimbilia ndani na majirani wakapiga makofi. Likaingia shambani, plau ikashika udongo, na palepale magurudumu yakasimama. Injini inanguruma, trekta halisogei. Tulimleta fundi kutoka mjini, akafungua giaboksi, akachungulia, akafunga.

"Meno yamekwisha, mzee," alisema. "Hili la kupigia kelele tu."

Mvua zikaanza. Mwaka ule wazazi wangu walilima mpunga kwa jembe la mkono, kipande kidogo, na mimi kila Jumamosi nilishuka kuwasaidia. Viganja vya mama vilipasuka. Baba hakunilaumu hata siku moja, na ndicho kilichoniumiza zaidi. Alikuwa mcheshi, lakini tangu siku ya lori hakucheka tena. Nikajiapiza kwamba kabla ya mvua nyingine baba yangu atakuwa na maksai wake.

Nilimwandikia yule bwana. Akajibu kwamba trekta limetoka kwake zima, ila watu wa ng'ombe hawajui mashine. Loo! Barua ile niliisoma nimesimama, damu imenipanda kichwani. Watu wa ng'ombe? Nikaomba likizo siku ileile. Wenzangu wakanitania, "Dada, unaenda Iringa kupambana na tajiri kwao?" Nikawaambia naenda, na wao waniandalie chai ya kunipokea.

Sikuwa najitapa bure. Mimi sipigi barua bila karatasi ya kaboni chini yake. Hata barua ya mapenzi ningeitolea nakala. Kwa hiyo nilikuwa na maswali yangu yote, na majibu yake yote yenye mikia, kwenye faili moja. Tukafungua kesi Iringa, baba akiwa mdai. Mara mbili tulipanda basi, mara mbili kesi ikaahirishwa. Mara ya tatu tulisikilizwa.

Yule bwana alikuja na suti na kalamu mbili mfukoni. "Mheshimiwa," alisema, "trekta lile nimelima nalo mimi mwenyewe, shambani kwangu Kilolo, misimu miwili. Lilitoka kwangu zima. Hawa ndio walioliua."

Nilitoa faili langu. Hakimu akasoma barua moja moja, bila haraka, kisha akasema zote zinaeleza kwamba trekta lilikuwa zima, na mdaiwa naye anasema lilikuwa zima. Nani anajua lilifia wapi? Kaboni zangu zote zilikuwa zinamsemea yeye.

Baba akanyoosha mkono. Hakimu akamruhusu amuulize mdaiwa maswali.

"Bwana," baba alisema, na alimkazia macho vilevile anavyomkazia ng'ombe mnadani, "ulilima wewe mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Haya. Umeshapiga mtaro wa kwanza, umegeuka, unaanza wa pili. Gurudumu gani linaingia ndani ya mtaro?"

Jambo hili kwetu hata mtoto analijua. Maksai wa kulia anatembea ndani ya mtaro uliokwisha kulimwa, wa kushoto anakanyaga nyasi. Trekta nalo ni hivyohivyo, magurudumu ya kulia yanapita ndani.

Yule bwana akatabasamu kumsikitikia baba. "Hakuna linaloingia, mzee. Trekta zuri yote yanapita juu."

Weee! Mahakama ilikuwa imejaa wakulima wanaosubiri kesi zao, na walicheka mpaka karani akapiga meza. Hakimu mwenyewe alijiziba mdomo kwa faili langu.

"Ndugu," alisema alipotulia, "hata mimi nina shamba. Sasa tuambie, trekta hili lilikuwa linafanya kazi gani?"

Baridi yote ile ya Iringa, na mtu anatoka jasho. Mwishowe akakiri yote. Trekta lilikaa miaka kwenye mashine ya kupasulia mbao, limesimama mahali pamoja, linazungusha msumeno kwa mkanda. Akalinunua pale, akalipaka rangi. Shamba halikuliona tangu giaboksi ife. Hakimu akaamuru alichukue trekta lake kwa gharama zake na arudishe fedha za baba zote. Nilitoka pale kifua mbele, na chai yangu nilipewa.

Mwezi mmoja kabla ya mvua tulikwenda mnadani, baba na mimi, nimevaa viatu vyangu vya ofisini. Akaonyeshwa dume mmoja mweusi, mnene. Wanunuzi wengine walikuwa wamesimama pale wanamngoja afungue mdomo wa ng'ombe kama kawaida yake. Hakufungua. Alinigeukia mimi.

"Nisomee," alisema.

Nikashika pua ya yule dume, nikaingiza vidole, nikatazama.

"Huyu mzee, baba," nilisema. "Meno yamekwisha."

Baba akacheka, akacheka mpaka akashika magoti. Kisha akamwambia mwenye ng'ombe amwondoe, tunataka mwingine.