Hapa Tunataka Machicha

Kabla ya kuchagua mrija, fundi sanifu wa maabara moja ya kupima maji, Chang'ombe, huipanga mirija yote mezani, kila mmoja na unga wake wa kunasia sumu, kisha huinong'oneza: "Wewe unapenda mafuta. Wewe leo hunifai." Jamali, msaidizi wake aliyehamia juzi, alikuwa akimcheka kimoyomoyo. Asubuhi moja yaliletwa maji ya kisima cha Kiwalani kinachonywesha mtaa mzima. Jamali akayapitisha kwenye mrija wa kwanza uliomjia mkononi, akautupa, akapima maji yaliyotoka. "Safi, dada. Tuwapigie wanywe."

Fundi akauopoa mrija kwenye taka. "Kwenu mkikamuaga nazi, tui mnaweka, machicha mnatupa. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Hapa tunataka machicha."

Hakupandisha sauti, huwa hapandishi. Akachagua mrija mwingine, akaanza upya, tone kwa tone, simu ya bosi ikiita bila kupokelewa. Kilichonasa kwenye unga akakitoa kwa spiriti, akakipima. Saa tisa mashine ya kupimia ikachora kwenye grafu mlima mrefu wa dawa ya wadudu. Jamali akaukodolea macho.

"Sasa wapigie," fundi akasema, akinawa mikono. "Waambie wasinywe."