Injini Isiyo na Jiko

Majina ya wote waliomo humu nayakumbuka, ila wengi wameshalala, siyaandiki. Mume wangu alikuwa mchoma moto wa injini za mvuke za reli, tukikaa Shinyanga. Dereva anaendesha, yeye anachunga moto usife. Miaka ile ya sabini tukasikia zinakuja injini za dizeli kutoka Uingereza, na kuna Mwingereza kaja kuwafundisha.

Jumapili moja mume wangu akarudi na injini ndani ya kikapu. Ndiyo, kikapu. Ukubwa wake kama kuku aliyeatamia, ya bati, nyekundu, magurudumu yanazunguka. Nikadhani kawaletea watoto. Akasema isiguswe, mwalimu wao kamwazima akaisome. Injini inasomwaje? Akanieleza kwamba ni ile ile kubwa, imepunguzwa tu kwa kipimo. Kilichomo kule na huku kimo.

Basi nikainama kutafuta jiko. Mbele sikuona, nyuma sikuona, na hata ipi mbele ipi nyuma sikujua, maana pande zote mbili zilifanana.

"Baba watoto, kama kila kitu kimo, moto utauchomea wapi?"

Akasema moto umo humo humo kwenye mafuta, unajiwasha. Sikuelewa. Nikamtazama, nikaona na yeye haelewi.

Mkwe wangu, yaani mama yake, akaja akachungulia kwenye kidirisha. Mlikuwa na kijitu kimoja, kimekaa.

"Huyu dereva," akasema. "Wewe uko wapi?"

 Mume wangu akachukua khanga yangu akaifunika ile injini.

Ile kubwa ilipofika tulikwenda stesheni mimi na mkwe. Ikaingia inanguruma, tukamwona dereva dirishani, peke yake. Mkwe akanishika mkono. Tukazunguka upande wa pili, na kumbe mume wangu yumo: kakaa, mikono magotini, kama anasubiri komunio.

Aliposhuka akatuambia hawakumwachisha kazi, sasa anaitwa msaidizi wa dereva. Mama yake akauliza anasaidia nini.

"Nakaa, mayu. Naangalia njia, nikiona ishara namwambia dereva."

"Na moto?"

"Hauna mtu."

Mkwe akanigeukia. "Mkamwana, hiyo ni kazi?"

Nikasema ni kazi. Akaguna, akaenda zake nyumbani.

Mume wangu akapanda tena, akakaa. Nami nikabaki pale chini, sijui nimwambie hongera au nimwambie pole.