Kidimbwi cha Samaki Wageni

Siku yangu ya kwanza kazini Mpanda, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Afisa Uvuvi wa Wilaya alisoma barua yangu ya kupangiwa kituo, akanitazama, akacheka.

"Binti, huku samaki wanakuja na lori, wamekaushwa tayari. Utamfundisha nani kufuga?"

Nilimjibu kwamba nitamfundisha yeyote mwenye jembe na maji. Nilikuwa na kiburi, sikatai, na mpaka leo hakijaniisha.

Baiskeli ndiyo ilikuwa ofisi yangu. Haikupita miaka mingi watu wakawa wananiita Bibi Samaki, toka Makanyagio hadi Ugalla. Mfugaji wangu namba moja alikuwa Mama Esperansia wa Mwamkulu, mkulima ambaye wazazi wake walitoka Burundi, na kiongozi wa kwaya kanisani kwao. Kwenye bwawa lake tulitunza samaki wazazi, yaani perege wakubwa wa kuzalisha. Vifaranga vyote tulivyogawa vilitoka kwake. Wazazi wale wakifa, kazi yangu yote imekufa.

Asubuhi moja alinifuata ofisini kwa miguu.

"Bibi Samaki, samaki wangu wanajikuna. Wanajisugua ukingoni kama ng'ombe wenye kupe."

Nilikwenda naye, nikavua mmoja. Ngozi ilikuwa na vidoa vyeupe, utadhani amenyunyiziwa sembe. Hivyo ni vimelea, vijidudu vinavyochimba chini ya ngozi na kwenye matamvua, pale samaki anapopumulia. Nilimuuliza kama kuna samaki mgeni aliyeingia. Akainamisha kichwa. Shemeji yake wa Ugalla alimletea perege wawili wa mtoni, naye akawatia bwawani papo hapo.

"Ningemwambia nini shemeji? Zawadi ya mtu huwezi kuiweka pembeni naye amesimama anaangalia."

Afisa Uvuvi hakutaka hadithi. "Toa maji, fukia samaki, tia chokaa. Tutaanza upya."

"Tutaanza na nini, Mzee? Wazazi wengine hatuna."

Alinipa wiki mbili. "Wakifa, barua ya uhamisho utaiandika mwenyewe. Mimi nitatia saini tu."

Dawa za dukani hazikuwepo. Tulikuwa na chumvi ya Uvinza. Tulikata pipa katikati, tukapima nusu kilo ya chumvi kwa kila ndoo kubwa ya maji, tukawaogesha samaki wachache wachache. Wakikaa muda mfupi, chumvi haifanyi kitu. Wakizidisha, inawaua wao. Saa yangu ilikuwa imeingia maji, basi Mama Esperansia akapima muda kwa wimbo wa kwaya. Aliimba beti zote bila kukimbiza, nami nilishika wavu wa chandarua kikuukuu. Samaki aliyelala ubavu kabla wimbo haujaisha nilimtoa mara moja.

Lakini kimelea kilichojificha chini ya ngozi chumvi haikifikii. Kikikomaa hushuka chenyewe hadi chini ya bwawa, kikazaana huko, na watoto wake hupanda kutafuta samaki. Kwa hiyo baada ya kila siku tatu tuliwaogesha tena na kuwahamishia kidimbwi kingine tulichochimba kando, na kule walikotoka tukakukausha juani. Watoto wa kimelea wakitoka, hawakuti samaki. Tulihamisha mara nne. Mikono ilituchubuka kwa chumvi. Walikufa kadhaa, na jike mmoja mkubwa nilimlilia waziwazi.

Wiki mbili zilipokwisha, Afisa Uvuvi alikuja mwenyewe. Mama Esperansia alirusha pumba, maji yakachemka kwa samaki. Mzee akanigeukia, akaniambia, "Andika ulivyofanya. Wilaya nzima wafuate." Nilijisikia mrefu kuliko mnazi.

Niliandika, na kanuni ya kwanza ilikuwa hii: kila mfugaji achimbe kidimbwi cha wageni, na samaki wa zawadi akae humo kwanza, mwenye zawadi akasirike asikasirike.

Nilipostaafu nilichagua perege wawili wazuri kutoka bwawa langu, nikampelekea Mama Esperansia kumshukuru. Alinikumbatia, akawasifu samaki kwenye ndoo yangu. Mimi nikaanza kushuka bwawani. Akanishika mkono.

"Kule," alisema, akionyesha kidimbwi kando ya migomba. "Nyie wote ni wageni. Hata wewe, Bibi Samaki."

Nikaenda kule na ndoo yangu. Katika miaka yote ya kazi, sijawahi kukatazwa jambo nikafurahi kiasi kile.